Namna ya Kumpendekezea Mtu Visa vya Kweli vya Nyambizi na Manowari

Mtu anapokuomba umtajie kisa cha kweli kuhusu nyambizi au vita vya baharini, muulize kwanza ni kisa gani cha mwisho, cha jambo lolote lile, kilichomkosesha usingizi. Jibu lake litakufaa kuliko ukimuuliza kama anapenda historia. Anayekutajia wachimba migodi waliofukiwa na kifusi anatafuta habari za uokoaji. Anayekutajia kesi iliyochukua miaka kufumbuliwa anatafuta ushahidi. Anayekutajia babu yake aliyepelekwa Burma anatafuta watu wake. Wote watatu wamesema wanataka nyambizi, lakini ukiwapa kisa kimoja, wawili kati yao watakiacha mapema. Nimewapendekezea watu visa vya aina hii kwa miaka mingi, na kila niliposhindwa sababu ilikuwa moja, kwamba nilitoa kisa nilichokipenda mimi badala ya kumsikiliza aliyekuwa mbele yangu.

Kosa la pili ambalo wapenzi wa manowari hulifanya ni kuanza na vyuma. Uzito wa meli, aina ya injini na kipenyo cha mizinga ni mambo mazuri, na msomaji atakuja kuyauliza mwenyewe atakapokuwa na mtu ndani ya chombo hicho anayemjali. Mpe kwanza mtu huyo.

Anayetafuta uokoaji

Kwa msomaji huyu sina chaguo linaloshinda mwaka 1939, na humpa visa viwili kwa pamoja, kwa mpangilio maalumu.

Tarehe 23 Mei 1939 nyambizi ya Marekani iitwayo Squalus ilikuwa katika majaribio ya kupiga mbizi karibu na pwani ya New Hampshire, ndipo vali kubwa ya kuingizia hewa kwenye injini ilipobaki wazi na maji yakaingia kwa nguvu. Watu 26 waliokuwa upande wa tezi walikufa maji. Wengine 33 walibaki hai upande wa omo, katika giza na baridi, mita zipatazo 73 chini ya uso wa bahari. Nyambizi nyingine, Sculpin, ilitumwa kuitafuta, ikaona ishara ya moshi na boya lenye simu, na nahodha wake akaweza kuzungumza kwa muda mfupi na nahodha wa Squalus kabla waya haujakatika. Kisha wakaletwa wazamiaji chini ya ofisa Charles Momsen, pamoja na chombo cha chuma chenye umbo la kengele ambacho kilikuwa hakijawahi kutumika katika ajali halisi. Kilishushwa mara nne, na safari ya nne waya ulianza kukatika nyuzi zake. Wote 33 walitolewa wakiwa hai.

Siku tisa baada ya ajali hiyo, tarehe 1 Juni 1939, nyambizi mpya ya Uingereza iitwayo Thetis ilizama katika Ghuba ya Liverpool, nayo ikiwa katika majaribio. Ndani mlikuwa na watu 103, karibu maradufu ya idadi ya kawaida, kwa kuwa mafundi wa kiwanda na wageni wengine walikuwa wamepanda kushuhudia. Chanzo kilikuwa kidogo mno: tundu la kupimia kama mrija wa torpedo, yaani kombora linalosafiri chini ya maji, una maji lilikuwa limezibwa na rangi, hivyo lilipojaribiwa halikutoa maji, mrija ukadhaniwa kuwa mkavu, na mlango wake wa ndani ukafunguliwa ilhali mlango wa nje ulikuwa wazi kwa bahari. Omo ilijikita kwenye sakafu ya bahari, na kwa saa kadhaa tezi ilionekana imechomoza juu ya maji, waokoaji wakiitazama. Walitoka wanne tu. Watu 99 walikufa kwa kuishiwa hewa safi.

Mpe msomaji Squalus kwanza. Akianza na Thetis atahuzunika tu, lakini akiwa ameshaona wenzao wakipandishwa mmoja mmoja siku chache kabla, kila saa inayopita katika Ghuba ya Liverpool itamuumiza kwa namna nyingine, na atataka kujua kwa nini mambo yalikwenda tofauti. Swali hilo litamfanya asome kitabu cha pili bila kusukumwa.

Kuna sehemu ya tatu ya kisa hiki ambayo nakuomba usimwambie mapema. Squalus iliopolewa, ikatengenezwa, ikapewa jina jipya la Sailfish na kupelekwa vitani katika Bahari ya Pasifiki. Sculpin, ile iliyoipata siku ya ajali, ilizamishwa na Wajapani mwezi Novemba 1943, na mabaharia wake 21 kati ya waliotekwa wakapakiwa katika meli ya kubeba ndege iitwayo Chuyo. Tarehe 4 Desemba 1943 meli hiyo ilizamishwa kwa torpedo. Aliyeizamisha ni Sailfish, ambaye hakuwa na njia ya kujua waliomo ndani, na katika wale mateka 21 alipona mmoja. Msomaji anayefika hapo peke yake hakisahau kisa hiki, ila ukimtangulizia, umemnyang'anya.

Anayetafuta watu wake

Wasomaji wengi wa Kiswahili huamini kwamba nyambizi ni habari za Wajerumani na Wamarekani katika bahari za mbali. Kwa hao, taja Kilindini.

Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo askari 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia wa Uingereza, wauguzi na wanawake wengine wa huduma za kijeshi, na kwa jumla walipita watu 1,500. Mchana wa tarehe 12, katika maji ya karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo mbili, na meli ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77. Walionusurika walikuwa 214.

Yaliyofuata ndiyo yanayokifanya kisa hiki kiwe kigumu kusimulia. I-27 ilijificha chini ya mahali palepale ambapo walionusurika walikuwa wakielea. Manowari za ulinzi zilikuwa na meli nyingine nne zilizojaa watu, na nyambizi iliyoachwa ingeweza kuzipiga hizo pia. Manowari Petard iliangusha mabomu yanayolipuka chini ya maji, na baadhi ya watu waliokuwa wameponea torpedo wakafa kwa mabomu ya upande wao wenyewe. Nyambizi ilipolazimika kuibuka, manowari Paladin iliikabili kwa karibu mno ikapasuka ubavu, na makombora ya mizinga hayakutosha kuimaliza. Petard ikaanza kurusha torpedo moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoivunja I-27.

Unapompendekezea mtu kisa hiki, usimtolee hukumu. Msimulie ukweli kwamba nahodha alikuwa na dakika chache za kuamua, mwambie idadi ya meli zilizobaki, na umwachie. Nimeona watu wawili wa familia moja wakibishana juu ya uamuzi huo hadi usiku, kila mmoja akirudi kwenye maandishi kutafuta hoja. Mshauri pia kwamba masimulizi mengi ya tukio hili huwataja wale askari wa Afrika Mashariki kama idadi tu, hivyo asome sambamba na kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hutafutwa kwa jina la mtu na kwa kikosi. Kwa mwenye babu ambaye hakurudi, orodha hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko kitabu kizima.

Msomaji akitaka kuendelea na bahari yetu, yapo mengine. Jioni ya tarehe 30 Mei 1942 nyambizi ndogo za Kijapani zenye watu wawili wawili ziliingia katika bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, zikaijeruhi manowari kubwa ya Uingereza, Ramillies, na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Meli hiyo ya mafuta iliopolewa, ikapelekwa Maldivi, na mwaka 1944 ikapigwa torpedo tena, safari hii na Wajerumani. Kwa anayependa habari za maandishi ya siri, mwambie kwamba shule ya Allidina Visram mjini Mombasa iligeuzwa wakati wa vita kuwa kituo cha wataalamu wa Uingereza waliokuwa wakifumbua mawasiliano ya Wajapani, na kwamba hapo ndipo ilipofumbuliwa lugha ya siri ya meli zao za biashara.

Kabla ya kusema kwamba kisa ni cha kweli

Neno hili ni dhamana yako. Msomaji akigundua kwamba ulichomwambia ni cha kweli kilikuwa cha kubuni, hatakuamini mara ya pili, na atakuwa na haki.

Filamu ndizo zinazoharibu zaidi. Mwaka 2000 ilitoka filamu ya U-571, inayowaonyesha Wamarekani wakiiteka nyambizi ya Kijerumani na kuchukua mashine ya maandishi ya siri ya Enigma. Katika historia, tarehe 9 Mei 1941, miezi saba kabla ya Marekani kuingia vitani, Waingereza wa manowari Bulldog waliikamata nyambizi U-110, na kijana David Balme akaongoza kundi lililoshuka ndani yake na kutoa mashine hiyo pamoja na vitabu vyake. Usimkataze mtu kutazama filamu. Mwambie tu aitazame baada ya kujua jina la Bulldog.

Riwaya zinahitaji uangalifu mwingine. Das Boot ya Lothar-Günther Buchheim, iliyotoka mwaka 1973, iliandikwa na mtu aliyesafiri kweli ndani ya nyambizi U-96 mwaka 1941 akiwa mwandishi wa vita, lakini ni riwaya. Mimi huipendekeza kwa moyo mkunjufu kwa mtu anayetaka kuhisi unyevu, harufu na hofu ya mle ndani, na hutaja waziwazi kwamba watu wake na mwisho wake ni wa kubuni. Ukweli wa takwimu unatosha kumweka msomaji katika hali hiyo: kati ya watu wapatao 40,000 waliotumikia nyambizi za Ujerumani katika Vita vya Pili, takriban robo tatu hawakurudi.

Kuna njia ya kupima ambayo mimi huitumia kabla ya kupendekeza chochote. Natafuta kama mwandishi ameisoma batli ya meli au ripoti ya uchunguzi, kama amesikiliza upande wa pili wa vita, na kama mabaki ya chombo yaliyo chini ya bahari yanakubaliana na anayoyasema. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kilichomsafisha John Capes. Nyambizi ya Uingereza Perseus iligonga bomu la kutegwa karibu na kisiwa cha Kefalonia nchini Ugiriki tarehe 6 Desemba 1941. Capes, aliyekuwa abiria tu na jina lake halikuwamo katika orodha ya mabaharia, alisema kwamba alitoka kwa tundu la dharura kutoka chini kabisa, akaogelea kilomita kadhaa usiku, na kufichwa na wanakijiji kwa miezi 18. Wengi hawakumwamini. Alifariki mwaka 1985. Mwaka 1997 wazamiaji wa Kigiriki waliipata Perseus, na tundu la dharura lilikuwa wazi kama alivyoeleza, ingawa kina kilikuwa kidogo kuliko alichosema kukisoma kwenye kipimo. Nawapa kisa hiki wale wanaopenda kesi na ushahidi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunilalamikia.

Pale ambapo mashahidi wenyewe hawapatani, sema hivyo unapopendekeza. Mfano ni nyambizi ya Kisovieti B-59, iliyozungukwa na manowari za Marekani karibu na Kuba tarehe 27 Oktoba 1962, ikiwa na torpedo moja yenye kichwa cha nyuklia. Inasimuliwa kwamba nahodha alitaka kuitumia na ofisa mwenzake, Vasili Arkhipov, akamzuia. Torpedo ilikuwapo kweli, na Arkhipov alikuwapo kweli, lakini maelezo ya nani alisema nini katika chumba kile chenye joto kali yanategemea zaidi kumbukumbu ya ofisa mmoja, Vadim Orlov, na wengine waliokuwamo katika safari ile hawakukubaliana naye kwa kila jambo. Kisa hakipungui thamani kwa kusemwa hivyo. Kwa maoni yangu kinaongezeka, hasa ukimtajia msomaji kwamba mwaka mmoja nyuma Arkhipov alikuwa ndani ya K-19, nyambizi ambayo mfumo wa kupoza tanuri lake la nyuklia uliharibika tarehe 4 Julai 1961, na mabaharia 8 waliokwenda kuutengeneza wakafa kwa mionzi katika wiki chache zilizofuata.

Yanayoumiza

Muulize mtu kwa upole kama amewahi kupoteza ndugu majini. Katika nchi zetu swali hili lina maana kubwa: wapo waliofiwa MV Bukoba ilipopinduka Mei 1996, na wapo waliofiwa katika Spice Islander mwezi Septemba 2011. Mtu wa namna hiyo anaweza kutaka sana visa hivi, au asivitake kabisa, na ni yeye wa kusema.

Kisa ninachokichelewesha kwa kila msomaji ni cha Kursk. Nyambizi hiyo ya Urusi ililipuka katika Bahari ya Barents tarehe 12 Agosti 2000 na watu wote 118 wakafa, lakini 23 kati yao walikuwa wameponea mlipuko na kukusanyika katika chumba cha tisa, kule tezi, na mmoja wao, Dmitri Kolesnikov, aliandika gizani majina ya waliokuwa pamoja naye. Wazamiaji kutoka Norway walifungua mlango wa juu siku tisa baadaye, maji yakiwa yamekwishajaa. Huwezi kukisoma kisa hiki bila kusoma pia habari za familia zilizosubiri bandarini. Mpe mtu aliyekwisha kusoma viwili vitatu, na mwambie kabla hajafungua kwamba hakuna atakayeokolewa.

Asiyesoma Kiingereza

Vitabu vingi vya somo hili viko katika Kiingereza, Kijerumani, Kirusi au Kijapani, na kumtajia msomaji wa Kiswahili kitabu asichoweza kukisoma hakumsaidii. Hapo pendekezo lako linageuka kuwa simulizi: soma wewe, kisha msimulie kwa Kiswahili chako, ukianza na kitu anachoweza kukiendea na kukigusa.

Mzinga ulioko Fort Jesus, Mombasa, unafaa sana kwa kazi hii. Ulitoka katika manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Uingereza Pegasus ikiwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Ilikaa huko miezi mingi, kati ya mikoko na malaria, bila makaa ya kutosha kurudi kwao, na mitambo yake iliyoharibika ikavutwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na meli mbili za Kiingereza zenye kina kifupi, Severn na Mersey, Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakaing'oa mizinga yake 10 na kupigana nayo barani. Msimulie mtu haya akiwa amesimama mbele ya mzinga huo, na hutahitaji kumbembeleza asikilize zaidi.

Kwa wa Kigoma, Burundi, Kongo na Zambia, chukua meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli na reli hadi Kigoma ikiitwa Goetzen. Wajerumani waliizamisha Julai 1916 baada ya kuipaka mitambo yake mafuta ili isioze, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina inalojulikana nalo hadi leo. Msomaji wa Lubumbashi mwambie pia kwamba boti mbili ndogo za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilivutwa mwaka 1915 kwa reli, kwa ng'ombe na kwa mitambo ya mvuke kupitia Katanga, ili zipigane katika Ziwa Tanganyika.

Baada ya kutoa pendekezo

Toa kisa kimoja kwa wakati mmoja. Orodha ya vitabu kumi humpa mtu heshima ya kuipokea na uchovu wa kuichagua, na mara nyingi haisomwi. Baada ya wiki mbili muulize amefika wapi, na sikiliza hasa pale alipokwama. Aliyekwama katika maelezo ya vali na mirija anahitaji kisa chenye watu zaidi; aliyeruka kurasa za vita ili awahi uchunguzi wa baadaye, huyo ni wa Perseus.

Na aliyemaliza Khedive Ismail, muulize kama anakumbuka jina la manowari iliyoangusha mabomu. Akisema Petard, mpe kisa cha tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Mediterania. Manowari hiyohiyo iliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka, na Tony Fasson na Colin Grazier wakaogelea hadi kwenye nyambizi iliyokuwa ikijaa maji, wakashuka ndani, wakaanza kutoa vitabu vya maandishi ya siri na kumpokeza kijana wa kantini, Tommy Brown, aliyekuwa na umri wa miaka 16. Nyambizi ilizama ghafla na wale wawili wakiwa chini. Vitabu walivyovitoa viliwawezesha wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua maandishi ya siri, kusoma tena, kuanzia Desemba mwaka ule, mawasiliano ya nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki.